Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini: Kagueni Kitambaa, Si Madoadoa Pekee

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni mkazi wa Kalimoni, Juja, na ninakuandikia kuhusu nguo ambazo watu wa kazi huku kwetu huvaa wakiwa karibu na moto.

Raia akionekana hapa na kombati ya madoadoa kama ya wanajeshi, ajiandae kujieleza kwa polisi. Kanuni ya Adhabu inakataza, na sababu inaeleweka, maana majambazi wamewahi kuvaa sare za aina hiyo. Kwa hiyo madoadoa yanakaguliwa. Kitambaa chenyewe hakikaguliwi na yeyote. Jaketi la madoadoa, koti la soja (mlinzi wa usiku), ovaroli ya fundi iliyotoka mitumbani: nyingi ni poliesta tupu, au poliesta iliyochanganywa na pamba.

Pita huku usiku wa Julai. Kwenye geti la ploti utamkuta soja ameinamia mkebe wa makaa, mikono ya koti imekaribia kugusa ndimi za moto. Hana kosa, baridi ya Kiambu ni kali na zamu ni ya usiku kucha. Mchana simama kwenye karakana ya kuchomelea mageti, umtazame fundi kifuani. Utaona vitundu vyeusi vingi, na ukivigusa kingo zake ni ngumu kama ukucha. Cheche ikitoboa pamba huacha jivu laini. Kwenye vitundu hivi vigumu kitambaa kimeyeyuka, kikaganda.

Poliesta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 255 hivi za Selsiasi. Ikiyeyuka mwilini hunata kwenye ngozi na kuendelea kuichoma hata moto ukishazimwa. Wengi hudhani kuchanganya na pamba ndiyo nafuu. Wanakosea: pamba inayoungua hubaki kama kiunzi, ikaishikilia poliesta iliyoyeyuka isidondoke, na moto ukaendelea palepale kifuani. Pamba tupu nayo huungua, sikatai, ila haiyeyuki ikagandamana na mwili.

Wenye madoadoa yao halali walishalijua hili. Aprili 2006 kikosi cha Marine cha Marekani kilipiga marufuku wanajeshi wake walioko Iraq kuvaa fulana za poliesta na nailoni wanapotoka kambini, kwa sababu milipuko ilikuwa ikiziyeyushia kwenye miili yao. Ikiwa mwanajeshi analindwa dhidi ya fulana yake mwenyewe, soja wa Kalimoni anayeota makaa kila usiku na fundi anayerukiwa na cheche kutwa nzima wamekosa nini?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 imekupa wakaguzi, na inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga yanayofaa. Naomba neno "yanayofaa" lianze kujumuisha aina ya uzi. Mkaguzi akiingia karakana au ofisi ya kampuni ya ulinzi, aulize sare imefumwa kwa nini. Pasipo na lebo, kuna njia rahisi: achomoe uzi mmoja, aushike kwa koleo, auwashe kiberiti nje. Poliesta hujikunja, hutoa moshi mweusi na kubaki shanga ngumu. Pamba hunuka karatasi iliyoungua.

Pia zielekezeni kampuni za ulinzi ziwape walinzi wa usiku makoti ya pamba nzito au sweta za sufu, maana sufu hushika moto kwa shida. Wafumaji hawako mbali, Thika ina viwanda vya nguo tangu zamani. Na penye mkebe wa makaa pawe na ndoo ya maji. Walinzi wafundishwe kwamba aliyeungua humwagiwa maji safi ya baridi kwa dakika 20, hapakwi dawa ya meno wala unga, na nguo iliyonata haivutwi. Hukatwa pembeni na kuachwa hadi hospitalini.

Baridi yetu huanza Juni. Tunaomba wakaguzi wako wafike Juja kabla ya hapo.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Kalimoni, Kaunti ya Kiambu