Juu Kuna Nafasi ya Kukosea



Sisi watu wa mgodi tumefundishwa kuogopa mahali pa juu. Anayepanda afunge mkaba, aliye chini avae kaske. Ni sheria nzuri. Lakini kuna mchezo mmoja ambao sheria yake imegeuka: elikopta ndogo za telekomande, zile ambazo vijana wanazipindua hewani kichwa chini.

Wengi wanaoanza hufikiri: «Nikirusha karibu na udongo, hata ikianguka haitavunjika sana.» Mimi nasema fikira hiyo ni ya hatari. Hesabuni wenyewe. Kitu kikianguka kutoka metre 5, kinafika chini kwa segonde 1. Kutoka metre 20, segonde 2. Kutoka metre 30, urefu wa nyumba ya etaji kumi, karibu segonde 2 na nusu. Tena, elikopta ikiwa kichwa chini, kijiti kile kile kilichozoea kuipandisha sasa kinaisukuma kwenye udongo. Mkono ukikosea, inashuka mbio kuliko jiwe. Segonde moja haitoshi kuona kosa, kulielewa na kulitengeneza.

Ndiyo sababu wazoefu husema: ruka juu kiasi cha makosa matatu. La kwanza ni kosa lenyewe. La pili, unapojaribu kulitengeneza. La tatu linaletwa na woga. Hata mota ikizimika, urefu unakupa nafasi ya kuishusha polepole, mapanga yakizungushwa na upepo wa kushuka. Lakini usipite kiasi: ikiwa mbali mno, hutambua tena tumbo wala mgongo wake.

Kumbukeni pia kwamba hiki si kitu cha kuchezea watoto. Elikopta kubwa ya namna hii ina uzito wa karibu kilo 5. Mapanga yake yakizunguka mara 2000 kwa dakika, ncha zake zinakwenda karibu kilometre 600 kwa saa. Mwaka 2013, katika jiji la New York, kijana mmoja alipigwa na elikopta yake mwenyewe akafa. Basi urefu peke yake hautoshi. Isiruke juu ya kichwa chako wala cha watazamaji. Iwe mbele yako, na mbali.

Najua kinachowashusha vijana: makofi ya watazamaji. Nasi kazini tunakijua. Nani hajaona mwenzake akifupisha njia ili aonekane hodari? Sifa ni ya siku moja. Mkono uliokatika ni wa maisha yote.

Baba, kabla mtoto hajarusha, muulize: utarusha wapi, urefu gani, nani atasimama karibu? Na mchezo mpya aujaribu kwanza kwenye ordinateri, ambako kuanguka hakuumizi mtu.

Hodari si yule anayegusa majani. Hodari ni yule anayejiachia nafasi ya kukosea, akarudi nyumbani mzima.