FORODHANI NI YA WANANCHI

Bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati mkubwa uliofanywa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan. Kazi ya mafundi ilikwisha. Iliyobaki ni ya kila siku, nayo ndiyo ngumu zaidi.

Jua likichwa, wachuuzi hupanga meza zao za urojo, pweza na maji ya miwa. Vijana hujirusha baharini kutoka ukutani. Wazee huketi wakipunga upepo bila ya kulipa hata senti. Thamani ya Forodhani ni hiyo. Watalii wanakaribishwa, na fedha zao zina manufaa, lakini haifai hata kidogo bei zipangwe kwa kutazama mifuko yao hadi mwalimu wa Michenzani ashindwe kumnunulia mwanawe mshikaki.

Jingine ni matunzo. Hatua chache kutoka hapo, sehemu ya Beit-al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Uchakavu wa jengo hilo ulikuwa wa miaka mingi. Wahusika hawana budi kutenga fungu la kuitunza Forodhani katika kila bajeti, kabla ukuta haujapata ufa.