Chupa ya Soda Hurudi, ya Maji Je?

Siku ya Kipaimara parokiani kwetu tulihesabu chupa za soda za kioo mara mbili. Moja ilipokosekana, watoto walitumwa kuitafuta hadi nyuma ya mnara wa kengele, maana dukani tungeilipia. Chupa za maji za plastiki hakuna aliyezihesabu. Zilibaki uwanjani. Watoto wakakata nyingine kwa kuchezea, kisha mvua ikazijaza.

Hapo ndipo afya zetu zinapoguswa. Mbu wa aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengue, hutaga mayai penye maji kidogo yaliyotuama katika makopo, matairi na vyombo vilivyotupwa. Mbu huyu huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Mayai yake huweza kustahimili ukavu kwa miezi, yakingoja mvua. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, na tena mwaka 2019.

Kila mara tunahimizana tusitupe taka ovyo. Ni vema, lakini chupa ya kioo hurudi dukani kwa sababu kuna fedha ya mtu juu yake.

Kwa maoni yangu, tunahitaji sheria ya dhamana kwa chupa za plastiki pia. Mnunuzi aongeze fedha kidogo juu ya bei, naye arudishiwe yote akirudisha chupa tupu. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria ya namna hii mwaka 1971. Ujerumani ilianza mwaka 2003, na leo chupa ya plastiki ya kutumika mara moja ina dhamana ya senti 25 za yuro.

Wapo watakaosema maji yatapanda bei. Siku ya kwanza utatoa zaidi, ni kweli. Lakini fedha hiyo ni yako, inakungoja. Mwenye duka dogo ana hoja nzito zaidi: atazihifadhi wapi? Sheria imtake mwenye kiwanda azichukue mara kwa mara na kumlipa muuza duka kwa kazi hiyo. Tena yeyote aletaye chupa alipwe bila kudaiwa risiti, ili waokota makopo nao wafaidike.

Tusingoje Bunge. Katika sherehe ijayo, kamati iongeze shilingi 100 kwa kila chupa ya maji, na kuzirudisha chupa ikirudi. Jioni tuhesabu zilizobaki uwanjani.