Sufuri Mbili za Hesabu Moja

Kila matokeo ya ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, yanapotoka, kuanzia Kalemie hadi Manono, ubishi ni uleule: shule gani imepata asilimia ngapi, direkta gani apongezwe, nani aitwe na inspekta ajieleze. Sasa ubishi huo umeingia hata kwenye mafunzo ya walimu wapya. Wapo wanaotaka kila ISP, yaani chuo cha juu cha ualimu, na kila sekondari yenye sehemu ya pedagojia, ipimwe kwa pointi za watoto wanaofundishwa na wahitimu wake.

Marekani walishalijaribu hilo. Oktoba 2016 serikali ya Obama ilitoa kanuni zilizoyataka majimbo yapime programu za ualimu, pamoja na mengine, kwa jinsi wanafunzi wa wahitimu wao wanavyojifunza. Machi 2017 kanuni hizo zikafutwa. Ikiwa nchi yenye takwimu tele kiasi kile ilishindwa kuafikiana juu yake, mkoa wetu wa Tanganyika, hapa Kongo, utaanzia wapi? Tangu 2016 mapigano ya Watwa na Waluba yamechoma shule na kuwatawanya watoto na walimu wao. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Septemba 2019, madarasa yalijaa. Mtoto anayefanya mtihani leo Manono huenda amepita kwa walimu kadhaa, wengine wakiwa hata hawajaingia kwenye orodha ya mishahara. Asilimia yake aandikiwe nani?

Toleo hili la jarida halipingi takwimu. Linapinga uvivu wa kuishia kwenye asilimia. Benki ya Dunia inakadiria kwamba watoto 97 kati ya 100 wa miaka 10 nchini Kongo hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Ni habari nzito, lakini stajeri, mwalimu aliye bado mafunzoni, anayesimama mbele ya darasa la nne kesho asubuhi hawezi kuitumia kwa lolote.

Anachoweza kutumia kiko kwenye daftari la mtoto. Chukua hesabu ya 402 kutoa 178. Mtoto mmoja ameandika 376, mwingine 324. Wote wamekosa, wote wamepata sufuri, na kwenye daftari la pointi hakuna cha kuwatofautisha. Lakini yule wa kwanza, katika kila safu, ametoa tarakimu ndogo kutoka kubwa bila kujali ipi iko juu: 8 kutoa 2 akapata 6, 7 kutoa 0 akapata 7. Wa pili anajua kukopa. Alipofika kwenye sufuri akaigeuza 9, kisha akasahau kuipunguza ile 4 ya mamia. Wa kwanza arudishwe kwenye vijiti na mafungu ya kumi. Wa pili hahitaji vijiti. Akae na mwalimu dakika tano, aulizwe tu: hiyo tisa umeipata wapi?

Makosa haya si ya kubahatisha. John Seely Brown na Richard Burton walionyesha mwaka 1978 kwamba watoto wengi wanaokosea kutoa wanafuata kanuni yao wenyewe kwa uaminifu kabisa, ila kanuni yenyewe ni mbovu. Kazi ya mwalimu ni kuigundua kanuni hiyo, na hilo hufundishika. Stajeri wetu hujifunza kuandika fishi ya matayarisho yenye lengo, mbinu na zoezi la mwisho. Kisha hukaa kusikiliza kritiki ya sauti yake, mwandiko wake ubaoni na nidhamu ya darasa. Kritiki ingeanza na rundo la madaftari mezani, mambo mengi yangebadilika, na gharama yake ni ndogo kiasi cha kutohitaji mfadhili.

Tanzania wamelielewa jambo hili kuliko wanavyosifiwa. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huchapisha uchambuzi wa majibu swali kwa swali, pamoja na vielelezo vya majibu ya watahiniwa, mazuri na mabaya. Baraza hilohilo, Januari 2023, liliacha kutangaza shule kumi bora. Makala ya kwanza ya toleo hili inapendekeza uchambuzi huo uwe kitabu cha darasani vyuoni, na mhariri anaunga mkono kwa mikono miwili. Ya pili inahusu Tusome, programu ya kusoma ya Kenya, ambako maofisa walitembelea madarasa wakiwa na tableti na kuwasomesha watoto wachache papo hapo. Ya tatu ni mapitio ya kazi ya Uwezo ya kupima kusoma na hesabu za watoto.

Ya nne inatoka upande wetu na inastahili kusomwa polepole. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inatambua lugha za taifa katika miaka ya mwanzo ya shule; kwa hiyo mtoto wa Manono anajifunza herufi kwa Kiswahili kisha anavuka kwenda Kifaransa. Akikuta «lune» anaisoma kwa «u» ya Kiswahili, akikuta «chaise» anaanza na «ch» ya «chakula». Anasoma sawasawa kabisa, kwa kanuni za lugha nyingine. Pointi za Kifaransa za ENAFEP haziwezi kumwonyesha mwalimu kosa hilo. Sikio lililofunzwa linaweza.

Makala ya mwisho inatetea kupima vyuo kwa asilimia. Imeandikwa kwa ustadi, imechapishwa bila kukatwa hata sentensi, na kurasa zake zote hazina jibu hata moja lililoandikwa na mtoto.