Oprah ndani, Obama nje: Vile orodha ya wageni wa Harry na Meghan ilipikwa

Hebu jiwekee hii picha. Umepata barua kutoka kwa watu wa malkia wa Uingereza. Umealikwa harusi ya mjukuu wake. Unapiga nduru, unapigia mathako simu, unaposti, mtaa wote unajua wewe si mtu wa kawaida tena. Halafu unasoma barua hadi chini: utakaa nje kwa nyasi, na tafadhali ubebe chakula chako ju hapo hakuna mahali pa kununua.

Si utani. Hiyo ndiyo barua wasee 1,200 wa kawaida walipata kabla ya harusi ya Jumamosi, tarehe 19 Mei 2018, pale Windsor. Walichaguliwa kutoka kila pembe ya Uingereza na wawakilishi wa malkia huko mashinani: watu wa kujitolea, vijana wanaosaidia mitaa yao, hadi manusura wa lile shambulizi la Manchester la 2017. Walivaa nguo za maana, wakaamka mapema, wakabeba sandwichi. Huku kwetu ukialika watu halafu uwaambie waje na chakula, hiyo stori itasimuliwa hadi siku watoto wako wataoa.

Lakini usiwacheke haraka. Hao wasee wa nyasi ndio walikuwa sehemu kubwa ya hii harusi. Ukiongeza watoto wa shule 100, watu 200 wa mashirika ya kusaidia jamii, wakaaji na wafanyakazi wa hapo Windsor 610, na wafanyakazi wa familia ya kifalme 530, unapata watu 2,640 nje ya kanisa. Ndani ya St George's Chapel walikuwa 600 pekee. Na usiku, ile bash yenyewe ya Frogmore House ambayo Prince Charles aliandaa, walibaki kama 200.

Kwa hivyo ukisikia mtu akijigamba "nilikuwa kwa harusi ya Harry", muulize swali moja tu: ulikuwa mduara gani? Nyasi, kanisa, ama Frogmore? Hapo ndipo utajua nani ni nani. Lunch ya mchana ilikuwa ya malkia, na hiyo wote 600 waliingia, Elton John akawapigia piano. Lakini usiku ndio mtu hualika wasee wake wa ukweli, na hapo hakuna kujuana kwa cheo. Sarah Ferguson, mama ya Beatrice na Eugenie, anajua hii mambo vizuri. Mwaka wa 2011 William alipooa, mabinti zake walialikwa lakini yeye akaachwa nje kabisa. Safari hii alipata kanisa. Miaka 7 ya kungoja kiti kimoja.

Sasa tuingie kwa mambo mazito. Wakenya wengi mlikuwa mnauliza: Obama ako wapi?

Swali la haki. Harry na Obama walikuwa mabeste, hiyo hata hawakuificha. Septemba 2017 walikaa pamoja Toronto kwa Invictus Games, ile michezo ya wanajeshi waliojeruhiwa ambayo Harry alianzisha. Desemba mahojiano ya Harry naye yakapeperushwa kwa redio ya BBC, wakicheka kama wasee wamesoma pamoja. Kama kuna mtu alistahili kadi, ni kijana wetu wa Kogelo. Na bado, kadi haikuja.

Sababu unaijua hata kama hujaambiwa: Trump. Ukialika rais mstaafu wa Marekani na uache aliye ofisini, umepeleka ujumbe, na huyo jamaa aliyekuwa ofisini si mtu wa kumeza matusi polepole. Ukialika wote wawili, harusi si yako tena, kamera zote zitakuwa zinaangalia nani amesalimia nani. Serikali ya Uingereza nayo ilihitaji biashara na Marekani vibaya sana wakati huo walipokuwa wanatoka Umoja wa Ulaya. Kwa hivyo mwezi wa Aprili kasri ikatoa jibu rahisi: hakutakuwa na orodha rasmi ya viongozi wa kisiasa, wa Uingereza ama wa nje. Obama nje, Trump nje. Waziri mkuu wao mwenyewe wa wakati huo Theresa May nje, na aliyekuwa kiongozi wa upinzani Jeremy Corbyn nje pia. Ukifunga mlango kwa wote, hakuna mtu atalia.

Hebu fikiria harusi ya maana hapa Kenya bila mheshimiwa hata mmoja. Hakuna wa kuchelewa masaa mawili, hakuna wa kunyang'anya MC maiki, hakuna wa kutuambia vile barabara ya hapo itawekwa lami. Manze, hata ningelipa kuingia.

Waliweza kufanya hivyo ju Harry hatakuwa mfalme, na hilo ndilo watu wengi hawakuelewa. Mtoto wa tatu wa William alipozaliwa Aprili 23, 2018, Harry alisukumwa hadi nambari 6 kwa foleni ya kiti. Mtu wa nambari 6 anaoa kama mtu binafsi, hata kama ni binafsi ya TV za dunia nzima. William alikuwa nambari 2. Harusi yake ya Aprili 29, 2011, pale Westminster Abbey, ilikuwa na wageni 1,900, na hata kasri iliposema hiyo nayo si shughuli kamili ya kitaifa, serikali ilikuwa ndani hadi shingo.

Na ilileta shida si kidogo. Waliamua kualika mabalozi wa nchi zote ambazo Uingereza ina uhusiano nazo wa kawaida. Inasikika poa, hadi ukumbuke 2011 ilikuwa mwaka gani. Warabu walikuwa barabarani. Balozi wa Syria alikuwa na kadi yake mkononi, na serikali yake ilikuwa inapiga watu risasi. Kelele zikawa nyingi hadi ikabidi mwaliko wake ufutwe siku moja kabla ya harusi. Siku moja! Suti ilikuwa imepigwa pasi. Mrithi wa kiti cha Bahrain, ambako pia kulikuwa kunawaka, alisoma rada mapema akasema hatakuja. Lakini Korea Kaskazini? Hiyo mwaliko wao ulibaki. Na Mfalme Mswati wa Swaziland, hii nchi ilibadilisha jina Aprili 2018 ikawa eSwatini, alikuwa kwa orodha ilhali wanaharakati wake wanalia njaa na jela.

Halafu wakachoma picha nyumbani kwao wenyewe. Mawaziri wakuu wastaafu Margaret Thatcher na John Major walipata kadi za 2011. Tony Blair na Gordon Brown hawakupata. Wawili waliopata ni wa Conservative, wawili walioachwa ni wa Labour. Kasri ikajitetea kwamba Thatcher na Major walikuwa na ile heshima ya juu ya Garter na wale wengine hawakuwa nayo. Sawa, wakati huo ilikuwa kweli. Lakini Blair ndiye alikuwa waziri mkuu Diana alipokufa 1997, ndiye alishikilia hiyo familia mkono wananchi walipokasirika. Ukimwacha nje ya harusi ya mtoto wa Diana, hakuna kifungu cha sheria kitafanya watu waache kunong'ona. Safari hii Major alikuwa kanisani tena, na hakuna mtu aliuliza, ju wanasiasa wengine wengi hawakuwepo na yeye alishawahi kusimamia maslahi ya hao vijana wawili mama yao alipofariki. Alikuja kama mtu wa familia.

Kwa hivyo kufuta wanasiasa, kwangu mimi, ndiyo akili kubwa zaidi ya hii harusi. Walijifunza na aibu ya kaka mkubwa.

Ile nafasi ilibaki ikajazwa na nini? Maseleb, na hapa ndipo mimi na hii harusi tunaanza kutofautiana kidogo. Oprah. George na Amal Clooney. Serena Williams. Idris Elba. David na Victoria Beckham. Priyanka Chopra. Wale wa Suits wote, kuanzia Mike Ross hadi Louis Litt, na hao angalau wanaeleweka, umefanya kazi na watu miaka 7 lazima uwaalike. Hata ma-ex wawili wa Harry walikuwa ndani, na Meghan akatembea mbele yao bila kutetemeka. Heshima kwake. Lakini baadhi ya hao wengine, nina shaka kama urafiki wao na maarusi ungejaza kikombe cha chai. Kukataa wanasiasa hakumaanishi umekataa nguvu. Oprah ana nguvu kuliko mawaziri wengi, tofauti ni kwamba yeye hapigiwi kura.

Afrika je? Tulikuwepo, lakini tafuta na tochi. Prince Seeiso wa Lesotho na mkewe Mabereng walialikwa, na hao hawakuja kwa sababu ya cheo. Seeiso na Harry walianzisha Sentebale mwaka wa 2006, kusaidia watoto wa Lesotho wanaoishi na athari za ukimwi. Hapo hakuna mtu anaweza kuuliza huyu alifuata nini. Wafalme wa Ulaya, wale binamu zao wa Norway na Denmark na Uhispania ambao William aliwapanga mistari, Harry hakuwaweka kwa hesabu. Mtoto wa mfalme kutoka milima ya Maluti akawapita wote. Pia kulikuwa na wasichana wa Myna Mahila kutoka Mumbai, shirika linalotengeneza sodo za bei nafuu kwa wanawake wa mitaa ya mabanda, ju maarusi waliomba watu wasilete zawadi bali watume doh kwa mashirika 7 na hilo likiwa moja.

Sisi Wakenya tulikuwa na harusi ya 2011 zaidi. Baada ya yote, William alimvisha Kate pete hapa kwetu, Oktoba 2010, kwa nyumba ya mbao kando ya Ziwa Rutundu juu Mlima Kenya, na wasee wake wa Lewa walipata kadi. Safari hii Uhuru, aliyekuwa rais wakati huo, alikuwa London mwezi wa Aprili tu kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, mkutano ambao Harry alipewa kazi ya ubalozi wa vijana wa hiyo jumuiya. Vijana hao ni mimi na wewe, kumbuka, watu zaidi ya bilioni moja wako chini ya miaka 30. Lakini kwa kanisa, Kenya iliingia kama ua. Meghan alivaa veli ndefu ya mita 5, imeshonwa maua ya nchi zote 53 zilizokuwa kwa Jumuiya ya Madola wakati huo. La kwetu lilikuwa hapo, limekanyagia zulia la Windsor bila visa.

Nimeacha ile inayoniuma mwisho. Upande wa bibi harusi, damu yake ilikuwa mtu mmoja: mama yake, Doria Ragland, na kofia yake ya kijani na pini ya puani, akijizuia kulia. Mmoja kwa kanisa la watu 600.

Babake Thomas alikuwa kwa orodha. Alikuwa ndiye wa kumtembeza. Halafu wiki ya mwisho ikatoka kwa magazeti kwamba alipanga na mapaparazi kupigwa picha akijifanya anapimwa suti na kusoma juu ya Uingereza. Akasema anakuja, akasema haji, akasema moyo unamsumbua anaenda upasuaji. Alhamisi, siku mbili kabla, Meghan akatangaza kwamba baba hatafika. Akaingia kanisani peke yake, na Prince Charles akampokea katikati wakamalizia safari. Ndugu zake wa baba mmoja hawakualikwa kabisa, na walikuwa wamekasirika kwa barua na kwa TV miezi yote hiyo.

Najua utasema watu wanaokuuza kwa magazeti hawastahili kadi. Naungana na wewe nusu. Kama ningekuwa Meghan, wale ndugu ningewaacha pia. Lakini kuna shangazi, kuna wajomba, kuna binamu ambao hawajawahi kuhojiwa na mtu. Hao nao walikosea wapi? Hapa kwetu hata yule anko mlevi ambaye hamjaongea tangu mazishi ya guka anapewa kiti, nyuma kabisa karibu na spika, lakini anapewa. Anakula, anacheza vibaya, anaenda. Windsor ilikuwa na viti vya Clooney na haikuwa na kiti cha anko.

Wale wa nyasi walipewa kila mmoja begi ya zawadi, ndani kuna biskuti, maji, sarafu ya chokoleti na sumaku ya friji. Kabla ya wiki kuisha mabegi yalikuwa eBay, na moja ikapanda hadi zaidi ya pauni 20,000, kama milioni 2.7 za hapa wakati huo. Doh hiyo ni zaidi ya sandwichi waliyobeba.

Na Thomas Markle, aliangalia binti yake akiolewa vile mimi na wewe tuliangalia, kwa TV.