Eti Muktadha Utasaidia

Mjadala wa kuandika toni za lugha za Kiafrika ukianza tu, Mswahili mmoja hakosi kuinua mkono na kutuletea neno "barabara". Ukikaza silabi ya tatu ni njia ya magari. Ukikaza ya pili ni sawasawa. Mkazo hatuuandiki, na hakuna aliyepotea. Basi Wanuer nao toni zisiwasumbue, muktadha utasaidia.

Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na kila mara ni mbovu vilevile.

Kinuer, au Thok Naath kama wenyewe wanavyokiita, ni lugha ya Kiniloti inayosemwa Sudan Kusini na Gambella, magharibi mwa Ethiopia. Mashina yake mengi ni ya silabi moja. Sisi tukitaka wingi tunabadilisha kiambishi cha mbele, kiti kinakuwa viti, mambo yamekwisha. Kinuer kina viambishi vichache vya mwisho, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika ndani ya shina lenyewe. Irabu inageuka, inarefuka au inafupika, inatamkwa kwa pumzi au bila pumzi, na toni inapanda au inashuka. Kwa hiyo toni pale si pambo la matamshi. Ni sarufi.

Hebu fikiria magazeti yetu yaamue kuanzia kesho kuandika "ti" tu, kwa kiti na kwa viti. Muktadha utasaidia, sivyo? Utasaidia sentensi ya kwanza, ya pili, na kufika ya kumi utakuwa umelitupa gazeti. "Barabara" ni neno moja la kuchekesha darasani. Huwezi kulipima na mfumo mzima wa lugha.

Wengine wanasema alama zikizidi zinachosha macho. Mkutano wa Rejaf wa mwaka 1928, wa wamisionari na maofisa wa serikali ya kikoloni, ndio uliopanga msingi wa kuandika lugha za kusini mwa Sudan kwa herufi za Kilatini. Katika tahajia ya Kinuer inayotumika leo, irabu za pumzi zina alama yake, mstari chini ya herufi. Toni haina kitu. Kumbe alama ziliwezekana, ila toni ndiyo iliyoachwa nje. Na Wavietnam je? Wanaandika toni zao kila siku, mpaka kwenye mabango ya maduka, na macho yao yapo.

Nakubali jambo moja. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa waliandika tenzi kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa kawaida hazikutofautisha i na e, wala u na o, na walisoma vizuri. Lakini walisoma lugha waliyoijua kwa ndani, na mara nyingi shairi walilokwisha kulisikia. Mtoto wa Kinuer anayefungua kitabu cha kwanza hana msaada huo. Analazimika kukisia neno kwanza ndipo alisome. Akichoka, hatailaumu tahajia. Atasema lugha ya mama yake haisomeki, kisha ahamie Kiingereza, lugha rasmi ya nchi yake. Hapo ndipo hasara ilipo, jamani.

Sisemi kila silabi ivalishwe alama. Pengine inatosha kuziweka pale umoja na wingi, au mtenda na mtendwa, vinapogongana. Hilo waamue walimu na waandishi wa Kinuer wenyewe, na wakiliamua wasikutane na kicheko chetu. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, nasi tunakazana kuipelekea Kiswahili. Vizuri. Ila tusiende kule na "barabara" yetu mkononi kama rula ya kupimia lugha za watu.