Kwao TV Inazimwa Saa Tisa, Kwetu Ndiyo Inawashwa

Wasee wangu, najua hii itaniletea matusi, lakini acha niseme tu. Jumamosi iliyopita timu ya mtaa wetu hapa Busia ilicheza nyumbani na vijana wa Malaba. Watazamaji kumi na saba. Nilihesabu, na wawili kati yao walikuwa wamefuata ng'ombe. Mita mia mbili kutoka hapo, kibanda cha video kilikuwa kimejaa mpaka watu wanachungulia kwa mashimo ya mabati, wakiangalia timu ya nafasi ya kumi na tatu ikicheza na ya kumi na tano, kule Uingereza. Kipa wetu akadaka penalti. Nikapiga kelele peke yangu, halafu nikaona aibu.

Sisemi mpira wa Uingereza ni mbaya. Mimi ni wa Arsenal, mateso yangu mnayajua. Kinachonikera ni kitu kingine.

Ile mechi ya Jumamosi ambayo kwao inaanza saa tisa mchana, kwetu inafika saa kumi na moja jioni, au kumi na mbili wakati wao wa baridi. Hiyo mechi unayolipia kibandani haionyeshwi mubashara kwa TV yoyote ya Uingereza. Hakuna. Kijana wa Burnley aliye kwao sebuleni haruhusiwi kuiona Burnley mubashara saa hiyo, na mimi wa Busia naiona na kikombe cha chai mkononi. Kwao kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni, mpira wa mubashara kwa TV umefungwa. Wazo hilo lilipiganiwa sana na Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, enzi za miaka ya 1960. Hofu yake ilikuwa rahisi: watu wakiona timu kubwa bure nyumbani, nani atalipa kiingilio kwa timu ndogo? Zaidi ya miaka sitini baadaye, pesa zote za TV zimeingia, na hiyo saa bado wanailinda.

Nikaanza kuchimba Jumamosi yao ya zamani ilikuwa inakaa vipi. BBC walikuwa na kipindi cha Grandstand tangu tarehe 11 Oktoba 1958: mchana mzima mbio za farasi, raga, chochote. ITV wakaja na World of Sport mwaka 1965, na saa kumi jioni ni mieleka. Huko ndiko kulikuwa na lile jitu lililoitwa Big Daddy likigongana matumbo na Giant Haystacks, na nyanya za watu wanapiga kelele. Halafu yanasomwa matokeo ya mpira, watu wameshika karatasi zao za kubashiri (ndiyo, kubeti hakukuanza na simu yako). Kisha Doctor Who kwa watoto. Mpira wenyewe ulikuja baadaye, kwa Match of the Day, vipande tu vya mechi iliyokwisha.

Kipindi cha kwanza kabisa cha Match of the Day kilikuwa tarehe 22 Agosti 1964, Liverpool na Arsenal, 3-2. (Tulifungwa hata siku hiyo, manze.) Inakadiriwa watu 20,000 hivi ndio walioona kwa TV. Waliokuwa Anfield kwa miguu yao walikuwa zaidi ya mara mbili ya hao. TV ilikuwa inangoja watu warudi kutoka uwanjani.

Sasa hapa ndipo wazee wetu wanaingia na wimbo wao. Anko wangu akisikia nalalamika anasema, "Nyinyi watoto wa siku hizi mmeharibiwa na skrini. Sisi tulikuwa na nidhamu. Tulienda uwanjani."

Anko, kwa heshima yote, hamkuwa na nidhamu. Hamkuwa na chaguo.

Hebu tukumbuke. TV Kenya ilianza 1962, ikawa Sauti ya Kenya, ikawa KBC mwaka 1989, na mpaka KTN ifike 1990 stesheni ilikuwa moja. Anko mwenyewe ananiambia kwao miaka ya tisini kulikuwa na Great Wall ndogo inayotumia betri ya gari, na antena juu ya mlingoti mrefu. Ukiigeuza huku unapata KBC, ukiigeuza kule unapata UTV ya Kampala, na mtoto mmoja anasimama nje kazi yake ni kuizungusha akiambiwa "hapo hapo! rudisha kidogo!" Mkaona Vitimbi, mkaona Vioja Mahakamani, mkaona Football Made in Germany na sauti ya Toby Charles, mechi za Wajerumani zilizokwisha chezwa zamani. Vitu vitamu, sikatai. Lakini hakuna hata kimoja kilichokuita saa ile timu ya mtaa inapasha misuli. Ingwe ilipochukua kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984, haikuwa inashindana na Manchester City saa hiyo hiyo. Gor Mahia walipochukua kombe la washindi la Afrika pale Kasarani, tarehe 5 Desemba 1987, ilikuwa Jumamosi pia, na Anko alikuwa amebana redio sikioni kwa sababu redio ndiyo aliyokuwa nayo.

Kwa hivyo msituambie habari ya tabia. Ni habari ya ratiba. Waingereza walijua hilo, wakaweka sheria. Sisi tuliletewa Jumamosi yao nzima, isipokuwa hiyo sheria.

Na pesa inaenda wapi? Mwaka 2017 jina la kampuni ya kubeti ya Kenya lilikuwa kifuani mwa jezi ya Everton. Fikiria hiyo safari. Kampuni hiyo hiyo ilidhamini pia ligi yetu, lakini 2019 ilipogombana na serikali juu ya leseni, udhamini ukaondoka, Ingwe na Gor wakabaki hoi. Mimi nisijifanye malaika. Jumamosi hiyo ya kipa na penalti nilikuwa nimeweka mia na hamsini kwa timu kumi, ya tisa ikaniangusha. Hiyo mia na hamsini ilikuwa karibu nusu ya pesa iliyokosekana ya kumlipa refa, na refa akachelewa dakika arobaini kwa sababu alikuwa anabeba abiria kwa boda kwanza.

Najua mtasema mpira wetu hauvutii, uwanja una mawe, goli halina neti. Kweli. Lakini neti hununuliwa na watu waliokuja. Kumi na saba hawawezi kununua neti.

Mwenye kibanda pia si adui. Anapokea shilingi za Kenya na za Uganda bila kukuangalia vibaya, usiku anaweka sinema za VJ Jingo kwa Kiganda au DJ Afro kwa Kiswahili, na madereva wa malori waliokwama siku mbili kwa foleni wanapata mahali pa kukaa. Nilimwendea nikamwambia: funga saa tisa mpaka saa kumi na moja, Jumamosi moja tu. Akacheka. "Kijana wangu, utanilipa?" Nikamwambia mechi yetu itaanza saa tisa kamili, itaisha dakika kumi kabla ya ile yako ya saa kumi na moja. Utakachopoteza ni ile ya mapema, inayoanza saa nane na nusu. Njoo na soda zako uwanjani, uuze huko. Tukabishana karibu saa nzima. Jua la Busia saa tisa si mchezo, alisema, nani atakaa? Nikamwonyesha mwembe.

Amekubali mara moja, na amesema nikimtia hasara nisikanyage tena kwake.

Kwa hivyo ni Jumamosi hii, marudiano na Malaba, saa tisa kamili. Hakuna kiingilio, kuna kikapu cha refa. Wasee wa boda, pakieni karibu na goli la upande wa mpaka, kuna kivuli. Mkuje na stuli zenu.